Wajibu wa Kupeleka Mazao Chamani: Ahadi Ina Pande Mbili



Mvua zinapokatika na barabara za vijijini kukauka, mkulima wa tumbaku wa Mpanda huwa na swali moja kichwani: soko litafunguliwa lini? Majani yamekwisha kutoka kwenye bani. Yamechambuliwa na kufungwa. Nyumbani kuna ada za shule, kuna deni la duka, kuna mabati yanayongojwa tangu mwaka jana.

Basi jioni moja pikipiki inasimama uani. Mgeni anashuka, anaamkia vizuri, anapewa kigoda. Halafu anasema kwa sauti ya chini: "Mzee, mimi nina pesa mkononi. Soko la chama bado. Niuzie hata mabelo mawili tu. Nani atajua?"

Utamjibu nini?

Wako watakaosema: "Tumbaku ni yangu. Nimeilima kwa jasho langu. Nitamwuzia ninayemtaka." Wako wengine watakaosema: "Hapana, chama kitanishitaki." Majibu haya mawili tumeyasikia mara nyingi katika madarasa yetu ya elimu ya watu wazima. Kila moja lina ukweli kidogo. Lakini hakuna kati yake lililokamilika. Leo tueleze jambo hili polepole, tangu mwanzo wake, ili kila mmoja aweze kujibu mwenyewe akijua anachokisema.

Zao huanza na karatasi

Tumbaku si kama mahindi. Mahindi ukikosa mnunuzi utasaga ugali, na watoto watashiba. Tumbaku ukikosa mnunuzi huwezi kuila. Tena huwezi kuilima vizuri bila mbolea, na mbolea ina bei. Wakulima wengi wa Katavi hawana fedha za kununua mifuko ya NPK na ya mbolea ya kukuzia kabla ya kuvuna. Kwa hiyo hukopa.

Lakini nani atamkopesha mkulima mmoja mmoja aliyeko Inyonga, Katumba au Mishamo? Benki haimjui. Kampuni ya kununua tumbaku nayo haiwezi kuzunguka kila nyumba. Hapo ndipo chama kinapoingia. Wakulima hujiunga katika chama cha msingi cha ushirika, ambacho siku hizi watu hukiita AMCOS. Hapa kwetu, vyama vya msingi vya tumbaku vina chama kikuu chao kiitwacho LATCU, makao yake Mpanda mjini.

Mambo huenda hivi. Kabla ya msimu, kila mwanachama husema atalima ekari ngapi na anategemea kuvuna kilo ngapi. Haya huitwa makisio. Chama hujumlisha makisio ya wanachama wote. Kisha chama hufanya mkataba na kampuni: sisi tutaleta kilo kadhaa, ninyi mtazinunua. Kwa nguvu ya mkataba huo chama hupata mkopo wa pembejeo, na wanachama hugawiwa mbolea, dawa na nyuzi za kufungia. Bodi ya Tumbaku Tanzania husimamia kazi hii. Mkulima huandikishwa, na sokoni wapo wateuzi, yaani watu wanaopanga kila belo katika daraja lake.

Baada ya kununuliwa, tumbaku yetu husafiri safari ndefu. Hupita njia ya Tabora, ikaenda mpaka viwanda vya Morogoro. Huko husindikwa na kufungwa upya kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Kiwanda hupanga kazi yake kwa kutegemea kilo zilizoahidiwa na vyama. Nao waliokopesha hutegemea kilo hizohizo ili deni lilipwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapotaja kilo zako siku ya makisio, usidhani unataja namba tu. Unatoa ahadi. Kwa ahadi hiyo, mbolea inapakiwa kwenye lori kuja kijijini kwako.

Wajibu umeandikwa wapi?

Mara nyingi watu hutuuliza: "Nani kasema lazima nipeleke chamani?" Ni swali zuri. Jibu liko katika karatasi tatu.

Karatasi ya kwanza ni masharti ya chama. Vyama vya ushirika leo vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Chini ya sheria hiyo kila chama huwa na masharti yake, ambayo wanachama wenyewe huyapitisha. Masharti ya chama cha mazao kwa kawaida husema kwamba mwanachama atauza zao lake kupitia chama, na husema atafanywa nini asipofanya hivyo. Ulipolipa kiingilio na kununua hisa, uliyakubali masharti hayo.

Karatasi ya pili ni mkataba kati ya chama na kampuni inayonunua. Hapa chama chote kimeahidi kwa niaba yako.

Karatasi ya tatu ni fomu yako mwenyewe. Hii ina jina lako, ekari zako, makisio yako, pembejeo ulizopokea na deni lako. Chini yake kuna sahihi yako au alama ya dole gumba.

Tukumbuke jambo moja hapa. Wajibu huu ni juu ya zao lililotajwa katika karatasi hizo. Ukiwa umekopa kwa ajili ya tumbaku, ahadi yako ni ya tumbaku. Mahindi yako, karanga zako na kuku wako hawamo, isipokuwa kama umeweka sahihi kwamba wamo. Ndiyo maana tunasema kila siku: soma kwanza, sahihi baadaye.

Mama aliyesoma fomu yake

Tuwape kisa kimoja. Katika kijiji kimoja tulichofundisha alikuwako mama mmoja, mkulima wa ekari moja ya tumbaku. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka dole gumba kila alipoambiwa. Karani alisema, "Mama, bonyeza hapa," naye akabonyeza. Mwisho wa msimu aliambiwa, "Deni lako limekula zote," naye akaenda nyumbani kimya.

Kisha akaja darasani. Haikuwa rahisi, maana alikuwa na wajukuu wa kulea. Alijifunza herufi, akajifunza namba, akajifunza kuandika jina lake. Msimu uliofuata alipewa fomu kama kawaida. Safari hii akasema, "Mwanangu, ngoja kwanza niisome."

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye makisio akasimama. Yeye alikuwa amesema kilo 450. Karatasi ilisema kilo 1,500. Mbolea nayo iliandikwa ya ekari tatu, na yeye alikuwa na ekari moja. Mama akauliza, "Hizi ekari mbili nyingine ziko wapi? Nionyesheni, nikazipalilie."

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Namba ikizidishwa kwa jina lako, hatari zake ni mbili. Kwanza, mbolea inaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na deni likabaki kwako. Pili, tumbaku iliyotoroshwa na mtu mwingine inaweza kupitishwa sokoni kwa jina lako, kwa sababu jina lako lina kilo za ziada ambazo hukuzilima. Siku hiyo fomu ilifutwa, ikaandikwa nyingine mbele ya viongozi. Mama akaandika jina lake mwenyewe kwa wino.

Kisa hiki kinatuonyesha kwamba mtu hawezi kutimiza ahadi asiyoijua. Wa kwanza kulinda ahadi yako ni wewe mwenyewe, na unailinda kwa macho yako na kalamu yako. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya kikundi cha watu kumi

Sasa turudi kwa yule mgeni wa pikipiki. Tuchukue kalamu tupige hesabu. Bei tutakazotumia si za msimu wowote. Tumezichagua ili hesabu iwe rahisi.

Katika vyama vingi, wakulima hukopa katika vikundi vya dhamana. Maana yake, mmoja asipolipa wenzake humlipia. Tuseme kikundi chetu kina watu 10. Kila mmoja amekopa pembejeo za shilingi 900,000. Kila mmoja amevuna kilo 800. Bei ya wastani sokoni ni shilingi 4,000 kwa kilo. Ushuru na makato mengine tuyaweke kando kwanza.

Kila mtu akipeleka tumbaku yake yote chamani, hesabu ni hii:

Kilo 800 mara shilingi 4,000 ni shilingi 3,200,000.
Toa deni shilingi 900,000.
Mkulima anabaki na shilingi 2,300,000.

Sasa tuseme watu wawili kati ya wale kumi wamemsikiliza mgeni. Kila mmoja amemwuzia kilo 700 usiku, kwa shilingi 2,500 kwa kilo. Chamani kila mmoja amepeleka kilo 100 tu.

Usiku ule kila mmoja wao alipokea kilo 700 mara shilingi 2,500, yaani shilingi 1,750,000. Chamani kilo zao 100 zilileta shilingi 400,000, nazo zote zikakatwa deni. Deni la kila mmoja lililobaki ni shilingi 500,000. Kwa watu wawili ni shilingi 1,000,000.

Nani atalilipa deni hilo? Wale wanane waliobaki. Gawanya shilingi 1,000,000 kwa 8. Kila mmoja anakatwa shilingi 125,000. Hawa ni watu waliopeleka tumbaku yao yote. Wamelala katika bani wakichochea moto, wamelipa deni lao lote, na bado wanakatwa.

Lakini tusiishie hapo. Hebu tuwatazame wale wawili walioona wamepata. Kila mmoja ana shilingi 1,750,000. Angepeleka chamani angekuwa na shilingi 2,300,000. Kwa hiyo kila mmoja amepoteza shilingi 550,000, na wote wawili wamepoteza shilingi 1,100,000. Ongeza shilingi 1,000,000 za wale wanane. Kikundi kizima kimepoteza shilingi 2,100,000.

Fedha hizo zimekwenda wapi? Mgeni alinunua kilo 1,400. Alilipa shilingi 3,500,000. Akizipitisha sokoni kwa jina la mtu mwingine kwa bei ya shilingi 4,000, atapata shilingi 5,600,000. Toa alizolipa. Zinabaki shilingi 2,100,000.

Ndugu msomaji, umeiona namba hiyo? Ni ileile. Zile zilizopotea kwenye kikundi, hata senti haikupungua, zimepanda pikipiki zikaondoka. Atatoa humo gharama za usafiri, lakini jasho la shamba hana.

Basi mtu asiseme kwamba akitorosha tumbaku anaikomoa kampuni au benki. Benki italipwa. Kampuni itapata tumbaku. Anayekomolewa ni jirani unayechota naye maji kisima kimoja.

Kwa nini basi watu hutorosha?

Tusiwe wepesi wa kusema kwamba watu hao ni wabaya tu. Tumezungumza nao wengi, na sababu zao zinafahamika.

Wako wanaotorosha kwa shida ya haraka. Mtoto ameugua, au amefaulu kwenda sekondari, na soko halijafunguliwa. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hangoji mwezi mzima. Wako wanaotorosha kwa sababu mwaka uliopita walipeleka chamani na malipo yakachelewa sana. Wako wanaosema mizani iliwapunja, au daraja la tumbaku yao lilishushwa bila maelezo. Wako waliokwisha kukatwa deni la wenzao, sasa wanasema, "Mwaka jana niliwalipia. Mwaka huu na wao wanilipie." Na wako, lazima tuseme kweli, waliokopa wakiwa hawana nia ya kulipa tangu mwanzo. Hao ndio waliotungiwa ule msemo: kukopa harusi, kulipa matanga.

Vilevile tusichanganye mtoroshaji na mtu aliyepatwa na hasara. Mvua ya mawe ikipasua majani, au bani likiungua moto na tumbaku ndani, mkulima huyo hakuvunja ahadi. Amepata msiba. Lakini ni lazima aseme mapema. Awaite viongozi wa kikundi na afisa ugani waje waone kwa macho, na hasara iandikwe tarehe hiyohiyo. Akikaa kimya mpaka siku ya soko, nani atamwamini?

Chama nacho kina wajibu

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi husahau. Viongozi wengi hupenda kuhubiri wajibu wa mkulima kupeleka mazao. Ni sawa, lakini ahadi ina pande mbili. Mkulima akipeleka, chama nacho kina ya kutimiza.

Kwanza, mizani. Tumbaku yako ipimwe mbele yako, na uzito usomwe kwa sauti. Una haki ya kuangalia namba kwenye mizani, tena sasa unajua kuisoma.

Pili, stakabadhi. Kila belo lina namba yake. Stakabadhi ionyeshe tarehe, namba ya belo, kilo, daraja na bei. Usikubali kuambiwa, "Nenda tu mzee, tutaandika baadaye." Itunze mahali pasipofikiwa na panya wala mvua.

Tatu, malipo kwa hesabu inayoeleweka. Mkulima aonyeshwe: zao lako lote ni hili, deni lako ni hili, ushuru ni huu, unachobaki nacho ni hiki. Kama kuna fedha zimekatwa kwa ajili ya deni la wenzako, ziandikwe wazi ni za nani. Zikiandikwa, unaweza kuwadai. Zisipoandikwa zitapotea.

Nne, mkutano mkuu. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye chama. Hapo mapato na matumizi husomwa. Hapo huamuliwa ukomo wa madeni, yaani kiasi cha mwisho ambacho chama kinaruhusiwa kukopa mwaka huo, kisha Mrajis wa Vyama vya Ushirika huupitisha. Chama kikikopa kupita uwezo wa wanachama wake, hata watu wote wakipeleka tumbaku yao yote deni halitakwisha. Kwa hiyo siku hiyo usiende shambani. Nenda mkutanoni, uulize maswali.

Tano, ukaguzi. Liko shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, liitwalo COASCO, lililoanzishwa mwaka 1982. Wanachama wana haki ya kusomewa taarifa ya ukaguzi kwa lugha wanayoielewa.

Na mkulima naye asipeleke uzito tu, apeleke tumbaku safi. Wako wanaoficha mawe, majani mabovu au matambara katikati ya belo ili kilo ziongezeke. Wengine bila kukusudia huacha nyuzi za mifuko ya plastiki. Kiwandani vitu hivi ni sumu ya biashara. Belo moja likikutwa na uchafu linaweza kuharibu jina la chama kizima, na msimu ujao mnunuzi atasita. Kuificha takataka ndani ya belo ni kuvunja ahadi sawasawa na kutorosha.

Tulikotoka

Jambo hili la kupeleka mazao chamani si geni nchini. Lina historia, na historia hiyo ina mafunzo.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu, KNCU. Muda si mrefu wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yote kupitia huko. Wengi hawakuwa wameelezwa vizuri, na bei ilikuwa imeanguka. Mwaka 1937 zikatokea ghasia, na baadhi ya maghala ya kahawa yakashambuliwa. Si kwamba ushirika ulikuwa mbaya. Watu walilazimishwa kabla ya kuelewa.

Baada ya uhuru vyama vya ushirika vilienea mikoa yote. Lakini mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu. Mamlaka za mazao zikawa zinanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Wazee wetu wa Mpanda wanakumbuka siku hizo, ambapo mkulima alipeleka zao kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kulipeleka. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama vya ushirika. Mwaka 1991 ikatungwa nyingine, iliyosisitiza kwamba ushirika ni wa hiari na ni mali ya wanachama wenyewe. Sheria ya mwaka 2013 tunayoitumia leo imefuata njia hiyo.

Tunajifunza nini? Katika miaka hiyo yote watu walipeleka mazao kwa sababu mbili: ama kwa kulazimishwa, ama kwa kuamini. Wakilazimishwa hupeleka, lakini wanatafuta mwanya. Wakiamini hupeleka, tena humzuia jirani asiuze usiku. Na hawawezi kuamini kama vitabu vya chama havionyeshwi.

Mambo yakienda vibaya ufanyeje?

Tuseme umetimiza ahadi yako na chama hakijatimiza yake. Malipo hayaji, au hesabu haieleweki. Usiifiche tumbaku ya mwaka ujao. Ukifanya hivyo utakuwa mwenye kosa, na wale waliokukosea watapata la kusema. Fuata ngazi.

Anza na kikundi chako. Kaeni, leteni stakabadhi, pigeni hesabu pamoja. Kisha nendeni kwa bodi ya chama, mkiwa na barua. Barua iandikwe tarehe, na nakala moja ibaki kwenu. Neno la mdomo hukanwa, barua haikanwi. Msipojibiwa, masharti ya chama hueleza ni wanachama wangapi wanaoweza kuomba mkutano mkuu maalumu. Kama hapo pia pamekwama, nendeni kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Juu yake yuko Mrajis Msaidizi wa mkoa, na juu kabisa Tume ya Maendeleo ya Ushirika iliyoko Dodoma. Na siku ya uchaguzi ikifika, msichague mtu kwa sababu anajua kusema sana. Chagueni anayekubali kufungua daftari.

Na ile shida ya haraka, ya mgonjwa au ada? Isemwe ndani ya kikundi kabla ya kumwita mlanguzi. Tumeona vikundi vilivyoweka akiba ndogondogo kila mwezi, kwa ajili ya siku kama hizo. Mwanachama hukopa hapo, hulipa baada ya soko. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi chenye akiba hakina haja ya kumkaribisha mgeni wa usiku.

Jibu la mgeni

Basi jioni ile mgeni anaposema, "Nani atajua?", mkulima aliyesoma ana jibu. Atamwambia: "Bwana, karibu maji, lakini tumbaku hii imekwisha kuahidiwa. Majirani zangu tisa wamenidhamini. Nikikuuzia wewe leo, kesho wao ndio watakaokatwa. Nimepiga hesabu."

Na siku ya soko, mkulima huyohuyo anaposimama mbele ya mizani, anasema pia: "Nimeleta zote nilizoahidi. Sasa naomba nione namba, na nipewe stakabadhi yangu." Anaisema kwa adabu, na haogopi.

Maneno hayo mawili yaende pamoja. Anayesema la kwanza tu ataonewa. Anayesema la pili tu ni mdai asiyelipa. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipa ana haki ya kuuliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, umewahi kuisoma fomu yako ya makisio mpaka mwisho? Inasema kilo ngapi?

2. Katika mfano wetu, watu watatu wakitorosha kilo 700 kila mmoja badala ya wawili, wale saba waliobaki watakatwa shilingi ngapi kila mmoja? Pigeni hesabu pamoja ubaoni.

3. Katika chama chenu, taarifa ya ukaguzi ilisomwa lini mara ya mwisho? Nani aliielewa, na nani hakuielewa?

4. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili mwanachama mwenye mgonjwa asilazimike kuuza usiku?